Mionzi ikimpiga mzazi, ni nini hasa kinachomfikia mtoto na mjukuu?

#1 Kidawa_Pangani
Habari za jioni. Katika kundi letu la ukoo imezunguka picha ya mbwa wenye manyoya ya bluu waliopigwa picha karibu na kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 2025, na kaka yangu ameandika chini yake kwamba rangi hiyo ni urithi wa mionzi iliyowapata mababu wa mbwa hao kinu kilipolipuka mwaka 1986. Nilimjibu kwamba haiwezekani. Aliponiuliza kwa nini haiwezekani, nikakosa la kusema. Ninafahamu kwamba mionzi huharibu vinasaba, lakini njia yenyewe siioni. Mbwa yule wa mwaka 1986 alipigwa na mionzi mgongoni, kichwani na miguuni; jambo lililompata yeye mwilini linamfikiaje kitukuu chake? Mtu aliyekatwa kidole hazai mtoto asiye na kidole. Kwa nini mionzi iwe tofauti?

#2 Tabibu_wa_Mifugo
Dada Kidawa, tuanze na picha. Wanaowahudumia mbwa wa eneo lile waliwaona mbwa hao wakati wa shughuli ya kuwakamata ili kuwafunga uzazi, na maelezo yao ni kwamba yaelekea mbwa walijigaragaza kwenye dawa ya rangi, pengine ya choo cha kuhamishika. Manyoya ya mbwa hayana uwezo wa kutengeneza rangi ile ya bluu hata jeni moja ikiharibika, kwa sababu rangi yake hutokana na melanini, nayo hutoa weusi, kahawia na wekundu.

Sasa swali lako la kidole. Umelishika jambo lenyewe pale pale. Seli za mgongo, ini na ngozi zikipigwa, madhara yake huishia kwa mnyama huyo: atapata kidonda, saratani, au atakufa. Zinazovuka kwenda kwa mtoto ni seli za uzazi peke yake, yaani yai na mbegu ya kiume, pamoja na seli mama zinazozizaa mbegu hizo ndani ya korodani. Kwa hiyo urithi wa mionzi una mlango mmoja tu. Mnyama anaweza kupigwa vibaya sana mwili mzima, lakini mtoto atarithi tu kile kilichoandikwa upya katika seli ile moja iliyobahatika kuwa yeye.

#3 Mwalimu_wa_Maabara
Naomba niendelee pale Tabibu alipoishia. Mionzi tunayoizungumzia, yaani eksirei, gama na ile itokayo kwenye sesiamu 137, ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu inazozipitia. Kilichojaa ndani ya seli ni maji, kwa hiyo mara nyingi kinachopigwa kwanza si DNA bali maji yanayoizunguka. Maji hayo yakivunjika huzaa vipande vyenye njaa ya elektroni, navyo huirukia DNA iliyo jirani. DNA ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ukikatika uzi mmoja, seli huutengeneza kwa kuusoma wa pili. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, mara nyingi seli huunganisha ncha kwa ncha, na hapo ndipo herufi za vinasaba hupotea, kipande hugeuzwa nyuma mbele, au hubandikwa kwenye kromosomu (fungu la DNA) isiyokuwa yake. Makadirio ya kawaida ni kwamba dozi ya grei 1 (kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) ya eksirei huacha katika kila seli mikato ya uzi mmoja ipatayo 1,000 na ya nyuzi zote mbili ipatayo 40.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa mnyama ni Hermann Muller, huko Texas, mwaka 1927. Aliwapiga eksirei nzi wa matunda, akawazalisha kwa ustadi mkubwa. Alipanga ukoo wa nzi wake kwa namna ambayo, kama kromosomu ya babu aliyepigwa imebeba jeni yenye kuua, basi chupa nzima ya kizazi cha wajukuu haitakuwa na dume hata mmoja. Hakuhitaji kuhesabu macho mekundu wala mabawa yaliyojikunja. Aliinua chupa kwenye mwanga na kutazama kama kuna dume. Kiwango cha mabadiliko kilipanda karibu mara 150 kuliko cha nzi ambao hawakupigwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

#4 Mfugaji_Handeni
Nashukuru kwa elimu hii. Mimi nina tukio langu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita ng'ombe wangu alizaa ndama mwenye vichwa viwili, aliyeishi siku mbili tu. Mita kama 200 kutoka zizini kuna mnara wa simu uliojengwa muda mfupi kabla ya hapo. Wazee walisema ni ishara, mimi nikasema ni mionzi ya mnara. Niliwaandikia wenye mnara barua mbili na sikujibiwa. Je, huu si mfano kamili wa kile Mwalimu anachokieleza?

#5 Tabibu_wa_Mifugo
Pole sana, ndugu Mfugaji. Najua uchungu wa kumpoteza ndama aliyebebwa miezi tisa. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo lazima tuyatenge.

La kwanza, mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni. Yanaweza kupasha joto kidogo, lakini hayakati kamba ya DNA kwa namna aliyoieleza Mwalimu. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba vichwa viwili ni hitilafu ya ukuaji: kiinitete kilianza kujigawa kama pacha na kisimalize. Hilo hutokea tumboni, na hata pale mionzi ya kweli inapodhuru mimba, dhara hilo si urithi. Hiroshima na Nagasaki, miji ya Japani iliyopigwa mabomu ya atomiki, watoto waliokuwa tumboni mwaka 1945, hasa wale wa wiki ya 8 hadi ya 15, walizaliwa baadhi yao wakiwa na vichwa vidogo na udumavu wa akili. Watoto hao walipigwa wao wenyewe, moja kwa moja, wakiwa ndani ya mama zao. Huo haukuwa urithi. Wangekuwa mfano wa urithi kama mionzi ingempiga baba kwanza, kisha mimba ikatungwa baadaye.

Ng'ombe wako alipandwa tena?

#6 Mfugaji_Handeni
Ndiyo, amezaa mara mbili baada ya hapo, na ndama wote wazima. Nimekuelewa. Barua ya tatu sitaiandika.

#7 Mzee_Kitogani
Assalaam alaykum, wanangu. Nimesoma tangu juu na naona mmekwenda Texas na Japani mkauacha mfano ulio mlangoni. Kisiwani Unguja mbung'o walimalizwa kwa mionzi, na kilichowamaliza ni urithi huu huu mnaouuliza.

Nilikuwa kijana wa kazi katika mradi ule. Mbung'o walifugwa Tanga kwa mamilioni, wakinyweshwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba, kisha madume wakapigwa mionzi ya gama na kuletwa Unguja. Ndege ndogo ilipita juu ya msitu wa Jozani na vijiji vya jirani ikidondosha vikasha vya karatasi, navyo vikifunguka mbung'o waruke. Kazi yangu ilikuwa kukagua vibao vya bluu na vyeupe vilivyopakwa gundi. Gundi ile ikikushika haitoki kwa sabuni, hutoka kwa mafuta ya taa. Waliotoka Tanga walikuwa na alama, basi tulihesabu wenye alama na wasio nayo.

Siku moja mtaalamu aliniita kwenye hadubini. Alikuwa amempasua jike wa porini aliyenaswa. Jike wa mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea funza mmoja tumboni mpaka akomae, takribani siku tisa au kumi, ndipo amzae. Tumboni mwa yule jike palipopaswa kuwa na funza mweupe aliyenona, palikuwa na yai lililosinyaa kama punje ya mchele iliyoungua. Mtaalamu akaniambia: huyu alipandwa na dume wetu. Dume alimpanda kama kawaida, mbegu zikaogelea kama kawaida, yai likarutubishwa kama kawaida, kisha mtoto akafa kwa sababu alirithi kromosomu zilizokatikakatika. Sijaisahau punje ile. Zaidi ya madume milioni 8 walimwagwa tangu mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1997.

#8 Tabibu_wa_Mifugo
Shikamoo, Mzee. Nasahihisha kwa heshima: mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mwaka 1997 ndio Unguja ilipotangazwa kuwa imesafika, baada ya muda wa kungoja ili kujiridhisha.

#9 Mzee_Kitogani
Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, 1996. Ule mwaka wa kungoja ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, tulikagua vibao vitupu kila wiki.

#10 Kidawa_Pangani
Mzee, kumbe walitoka kwetu Tanga na mimi sikuwahi kuambiwa. Sasa naona swali langu limegeuka. Kama mbung'o aliyepigwa mionzi hurithisha kifo, mbwa wa Chernobyl walizaaje mpaka leo? Na kwa nini mbegu iliyovunjikavunjika kromosomu bado inaogelea?

#11 Asha_Jenetiki
Nianze na la mwisho. Mbegu ya kiume iliyokomaa imeshatengenezwa mkia na injini yake, haizisomi tena jeni zake. Zimefungashwa tu ndani ya kichwa kama mzigo. Mzigo unaweza kuwa umevunjika na gari likaenda. Uharibifu hugundulika baada ya kurutubisha, pale kiinitete kinapoanza kugawanyika na kromosomu zisizo na ncha kamili zinapovutwa huku na huku.

Kuhusu mbwa: mbung'o wa Tanga walipewa dozi iliyokusudiwa kuua kila mtoto. Ukipunguza dozi, unapata watoto wanaoishi na kubeba walichorithi. Mfano ninaoupenda ni wa nondo. Kromosomu za nondo hazina kituo kimoja cha kushikwa wakati seli inapogawanyika. Hushikwa kwa urefu wake wote, hivyo hata kipande kilichokatika huvutwa na kufika. Wataalamu wa wadudu waharibifu huwapa madume wa nondo dozi ndogo kwa makusudi: dume mwenyewe anabaki na uzazi kidogo, lakini watoto wake huwa tasa kuliko yeye. Kosa liliingia kwa baba na likadhihirika kwa mwana.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka yako ni hili: kilicho kizito hufa tumboni, na kinachozaliwa ni kile chepesi tu. Ndiyo sababu hatuoni mazimwi huko Chernobyl.

#12 Hesabu_Kwanza
Dada Asha, maelezo yako ni mazuri, lakini umeyafanya yabebe zaidi ya uwezo wake. Hiroshima na Nagasaki, kati ya mwaka 1948 na 1954, James Neel na William Schull walifuatilia mimba zipatazo 77,000, na hawakuhesabu vilema peke yake. Walihesabu pia waliozaliwa wakiwa wafu na waliofariki mara baada ya kuzaliwa. Hawakupata ongezeko linaloweza kutenganishwa na bahati. Kama vizito vingekuwa vinafia tumboni kwa wingi, sehemu yake ingeonekana katika hesabu ya waliozaliwa wafu.

Mimi nadhani sababu ni idadi na dozi. Kutokana na panya, inakadiriwa kwamba dozi ya takribani grei 1 huongeza mara mbili mabadiliko yanayotokea kiasili. Wazazi wengi wa Hiroshima walipata chini ya hapo kwa mbali. Na kila mtoto duniani, hata asiyejua mionzi ni nini, huzaliwa na mabadiliko mapya kati ya 60 na 70 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, mengi yakitoka kwa baba. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba huleta mapya kama mawili. Ukitafuta athari ya dozi ndogo ndani ya kelele ya namna hiyo, unatafuta tone la mvua baharini. Kutokuonekana si kutokuwapo.

#13 Mwalimu_wa_Maabara
Mimi naona tunalizunguka jibu rahisi. Nzi ni mdudu wa siku chache, hana haja ya kujitengeneza. Mnyama anyonyeshaye huishi miaka, hivyo amepewa mitambo bora ya kukarabati DNA. Ndiyo maana Muller aliona mabadiliko mara moja kwa nzi, na Neel hakuyaona kwa binadamu.

#14 Asha_Jenetiki
Mwalimu wangu, hapa utanisamehe. Jambo hilo lilipimwa na matokeo yakaja kinyume. Huko Oak Ridge, maabara ya Marekani, William na Liane Russell waliwapiga mionzi panya kwa miaka mingi, na hesabu ya watoto ikaenda kwenye mamilioni. Walitengeneza ukoo wa panya wenye sifa saba zilizofichika, zote zikionekana kwa macho: rangi ya manyoya iliyofifia, macho ya waridi, mabaka, masikio mafupi na kadhalika. Panya huyo walimpandisha na panya wa kawaida aliyepigwa mionzi. Kama jeni ya aliyepigwa ni nzima, watoto wote watakuwa wa kawaida, kwa sababu jeni nzima huifunika ile mbovu. Kama imeharibika, basi katika kikapu cha watoto kumi unamkuta mmoja mwenye macho ya waridi. Mtu aliketi, akainua kila mtoto kwa vidole viwili na kumtazama, mmoja mmoja, mamia kwa maelfu.

Matokeo ya mwanzo, mwaka 1951, yalionyesha kwamba kwa kila jeni panya hubadilika zaidi ya mara kumi kuliko nzi kwa dozi ile ile. Wengi walishtuka.

Hata hivyo sikunyimi haki yako yote. Mwaka 1958 Russell alionyesha kwamba dozi ile ile ikigawanywa polepole kwa wiki nyingi, mabadiliko kwa panya dume hushuka hadi kama theluthi. Kwa hiyo ukarabati upo, ila unahitaji muda. Nafikiri hapo ndipo Hiroshima na Chernobyl zinapotofautiana: moja ilikuwa mmweko, nyingine ni matone ya kila siku.

#15 Mwalimu_wa_Maabara
Nimekubali kusahihishwa kuhusu nzi na panya. Nashikilia bado kwamba ukarabati ndio kiini, na hiyo theluthi ndiyo shahidi wangu.

#16 Mdigo_wa_Mrima
Natoka Kwale, chini ya mlima wa Mrima, ambao udongo wake una thoriamu na mionzi yake ya asili iko juu kuliko ya sehemu nyingi; wastani wa dunia ni kama milisieverti 2.4 kwa mwaka. Juu ya mlima kuna msitu wa kaya unaoheshimiwa tangu enzi za mababu. Babu yangu alifuga mbuzi pale maisha yake yote, baba akaendelea, na mimi nimekulia nyuma ya mbuzi hao. Nawajua kwa majina ya mama zao. Sijaona kilema kinachozidi kile nilichokiona kwa wajomba zangu wa Ukunda. Kwa hiyo Dada Asha ana haki kuhusu matone ya kila siku.

#17 Hesabu_Kwanza
Ndugu Mdigo, naheshimu jicho la mfugaji, lakini kundi la mbuzi 40 haliwezi kumthibitisha wala kumkanusha mtu. Russell alihitaji mamia ya maelfu ya panya ili kuona tofauti kwa dozi kubwa kuliko zote mbuzi wako watakazopata maishani.

#18 Mdigo_wa_Mrima
Ni 26, na bado nitawahesabu kila mwaka. Ukija Kwale utawahesabu nami.

#19 Mpenda_Ndege
Nashangaa kwamba hakuna aliyewataja wanyama wa porini wa Chernobyl wenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa Texas walichapisha kwamba panya pori wa eneo lile walikuwa na kiwango cha mabadiliko cha kutisha katika jeni moja ya mitokondria (mitambo midogo ya nishati ndani ya seli). Na mwaka 1997 ilichapishwa kuhusu mbayuwayu: ndege wenye mabaka meupe usoni na kifuani waliongezeka, na mabadiliko katika sehemu za DNA zinazojirudia yalikuwa mara mbili hadi kumi ya kawaida. Ushahidi upo. Kwa nini tunasema hauonekani?

#20 Asha_Jenetiki
Ule wa panya pori uondoe kwenye orodha. Waandishi wenyewe, kina Robert Baker, waliufuta mwaka 1997 baada ya kusoma upya sampuli zile kwa mashine bora na kugundua kwamba walikuwa wamekosea kusoma herufi. Nawaheshimu kwa hilo. Ni vigumu mno kusimama na kusema jambo kubwa ulilolitangaza halikuwapo.

Mbayuwayu bado wanajadiliwa. Doa jeupe si lazima liwe la kurithi. Melanini ya ndege huathiriwa pia na afya na lishe yake, na mionzi humaliza antioksidanti, yaani kemikali zinazokinga seli mwilini. Vilevile mbayuwayu huhama, hivyo ndege wageni huweza kuja na tofauti zao na kuonekana kama mabadiliko mapya.

#21 Mpenda_Ndege
Nashukuru, sikujua kuhusu kufutwa. Kuhusu mbayuwayu siridhiki: sehemu za DNA zilizopimwa zililinganishwa mzazi na kinda wake, si ndege na ndege tu.

#22 Tabibu_wa_Mifugo
Niwarudishe kwa mbwa kwa sababu ndiko tulikoanzia. Mwaka 2023 zilichapishwa sampuli za mbwa 302, na ikaonekana kwamba mbwa wanaoishi kwenye kinu wana vinasaba tofauti na wale wa mji wa Chernobyl ulio umbali wa kilomita 15. Vyombo vingi vya habari vilisema "mbwa wamebadilishwa na mionzi". Watafiti hawakusema hivyo, na uchunguzi uliofuata haukukuta dalili kwamba mabadiliko mapya ndiyo chanzo. Ukoo mdogo uliofungiwa mahali pamoja na kuzaliana wenyewe kwa vizazi 30 utatofautiana hata pasipo mionzi. Hata vijiji viwili vya mbuzi vinaonyesha hilo.

Kisha kuna vyura wa miti wa Chernobyl, ambao ni weusi kuliko wenzao wa nje. Weusi huo haufuati kiwango cha mionzi cha leo. Unafuata zaidi maeneo yaliyokuwa mabaya mwaka 1986. Tafsiri iliyotolewa ni kwamba vyura weusi walikuwapo tangu zamani, wachache; melanini ikawakinga, wakazaa, wa kijani wakapungua. Ni urithi, ndiyo, na mionzi imehusika, ndiyo, lakini haikuandika herufi mpya. Imechagua kati ya zilizokuwapo.

#23 Kidawa_Pangani
Hili la vyura limenigusa. Mtu akiona chura mweusi mahali pa mionzi, kuna njia tatu za kufika hapo, yaani herufi mpya, uteuzi wa zilizokuwapo, au dhara la mwili wake mwenyewe, na macho hayazitenganishi.

#24 Picha_ya_Mifupa
Mimi napiga watu eksirei kwa kazi. Naona jambo moja halijatajwa, nalo ni wakati. Korodani ni shamba lenye mazao ya rika mbalimbali: kuna seli mama zinazodumu, na kuna mbegu zilizokwisha kukomaa zinazongoja kutoka. Seli mama ikipigwa, ina muda wa kujitengeneza, au ikiona haiwezekani hujiua, na mwenzake huziba nafasi. Mbegu iliyokomaa haina tena uwezo wa kujitengeneza; huibeba mikato yake mpaka ndani ya yai, na yai ndilo linalobaki na kazi ya kuikarabati. Ndiyo maana mgonjwa aliyetibiwa kwa mionzi karibu na kinena huelekezwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto.

Nilipokuwa mwanafunzi, mahali fulani nilipofanyia mazoezi tulikuwa na aproni mbili za risasi kwa watu wanne, na moja ilikuwa imepasuka kiunoni. Nilivaa iliyopasuka kwa miezi mitano. Nina watoto wawili wazima, namshukuru Mungu, lakini siwezi kusema sijawahi kukaa usiku nikiwaza.

#25 Asha_Jenetiki
Pole, ndugu. Ulichokisema kina ushahidi mpya. Watafiti wa Cologne waliwapiga mionzi minyoo midogo ya udongo, na madhara yaliyovuka vizazi na kuwaua wajukuu yalitoka kwa mbegu za kiume zilizokomaa. Vipande vilivyovunjika vilifungwa kwa protini kiasi kwamba mtambo wa ukarabati ulioweza kuvitengeneza sawasawa haukuvifikia. Mama alipopigwa, hali haikuwa hivyo.

Na huenda tumekuwa tukihesabu kitu kisicho sahihi. Mwaka 2021 vilisomwa vinasaba vyote vya watoto 130 wa waliosafisha Chernobyl au kuishi jirani, na idadi ya mabadiliko mapya haikuzidi ya kawaida. Lakini kwa panya, utafiti wa Leicester wa mwaka 2015 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mionzi haiachi herufi mojamoja kwa wingi. Huacha vipande vilivyopotea au kurudufiwa, na vishada vya makosa yaliyosongamana mahali pamoja. Karibuni watafiti wa Ujerumani wakatafuta vishada hivyo kwa watoto wa waliosafisha Chernobyl na wa askari wa rada ambao mitambo yao ilivujisha eksirei, wakaona vimezidi.

#26 Hesabu_Kwanza
Vimezidi, lakini dozi za baba hao zilikadiriwa miaka mingi baada ya tukio, na vishada vyenyewe ni vichache kwa kila mtoto. Mimi ningesubiri kabla ya kuvitundika ukutani.

#27 Mzee_Kitogani
Na majike je? Tangu asubuhi mnazungumza madume tu. Kule Tanga tuliambiwa majike wabaki kuzaa, madume ndio wapigwe.

#28 Asha_Jenetiki
Mzee, umeuliza lililowashangaza hata kina Russell. Walipowapiga panya majike, watoto waliotungwa katika wiki za mwanzo walikuwa na mabadiliko. Waliotungwa baada ya wiki ya saba hawakuwa na hata moja. Mayai machanga ya panya hufa kwa dozi ndogo sana, hivyo yaelekea yale yaliyoharibika hayafiki kuwa mtoto. Ila yai changa la binadamu halifi kwa urahisi kama la panya, na hapo mfano wa panya unatutupa mkono.

#29 Kidawa_Pangani
Nimemsomea kaka sauti kwa sauti, kuanzia punje ya mchele ya Mzee. Ameifuta picha ya mbwa kwenye kundi. Sasa anauliza: yule mbwa jike wa mwaka 1986, mayai yake yalikuwa kama ya panya au kama ya binadamu?

#30 Tabibu_wa_Mifugo
Mwambie kaka yako ajiunge humu aliulize mwenyewe. Nakwenda kuangalia ng'ombe anayezaa, nitarudi usiku.